Karakana ya Nyumbani: Kaboni za Grinda, Waya Mwembamba na Vibao vya Mzinga

Barua za toleo hili zote zimetoka mkoa wa Tabora. Ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa sababu tatizo lake linaua grinda nyingi zisizostahili kufa.

Grinda inawaka moto ndani

*Shikamooni mafundi. Nina grinda ya inchi nne na nusu, wati 850, nakatia tofali na vyuma vya madirisha. Siku hizi nikiiwasha naona moto ndani kupitia matundu ya nyuma, inanuka, na mara nyingine haizunguki mpaka niigonge. Fundi ameniambia mota imekufa, ninunue nyingine. Ni kweli? – Msomaji, Isevya, Tabora Mjini*

Marahaba. Hapo uliposema mpaka uigonge ndipo penye matumaini. Mota iliyoungua haifufuki kwa kugongwa. Kaboni zilizokwisha, vile vipande viwili vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, ndizo zenye tabia hiyo: zimekuwa fupi, springi haizifikishi sawasawa kwenye shaba ya amecha (ndiyo hiyo sehemu inayozunguka), na ukigonga zinagusa kidogo umeme unapita.

Chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Grinda nyingine zina vifuniko viwili vya plastiki ubavuni vya kufungua kwa bisibisi bapa, nyingine inabidi ufungue mkia wote. Toa kaboni zote mbili uzipime. Ikiwa hata moja imebaki milimita 5 au 6, badilisha zote mbili kwa pamoja. Usikariri saizi, nenda dukani na ya zamani mkononi. Ukikosa inayolingana, chukua nene kidogo uipunguze kwa msasa uliolazwa juu ya kioo, hadi iteleze yenyewe ndani ya nyumba yake bila kucheza. Nyembamba usichukue kamwe: itayumba, itapiga cheche, na shaba utaila kwa wiki chache.

Kabla ya kurudisha, tazama ile shaba yenye vipande vipande ambapo kaboni zinasugua. Ikiwa nyeusi tu, zungusha amecha kwa mkono huku umeshika msasa laini wa namba 400, kisha safisha mifereji kati ya vipande kwa kijiti cha meno na ufute kwa spiriti. Msasa wa kitambaa wa kung'arishia chuma uache, punje zake huweza kupitisha umeme zikibaki kwenye mifereji. Ukifunga, iache izunguke bila kazi dakika 5 hadi 10 ili kaboni zijichonge kufuata mviringo wa shaba. Vicheche vidogo vya bluu chini ya kaboni ni vya kawaida. Mkanda wa moto unaozunguka amecha nzima si wa kawaida.

Ukiuona mkanda huo hata baada ya kaboni mpya, sasa ndipo umshuku fundi wako kuwa alikuwa sahihi. Weka multimita (kipima umeme) kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani, pima kipande cha shaba na jirani yake, endelea hivyo mzunguko mzima. Namba zinapaswa kufanana. Palipo na tofauti kubwa, waya umekatika au umegusana. Kisha pima kati ya shaba na shafti ya chuma: hapo umeme haupaswi kupita hata kidogo, na ukipita usiitumie grinda hiyo tena, maana inaweza kukupiga shoti. Amecha mpya huuzwa peke yake, lakini hesabu meno ya gia yake na upime urefu na unene wa shafti kabla ya kulipa. Kwa maoni yetu bei yake ikizidi nusu ya grinda mpya, nunua grinda.

Ukiwa umeshafungua, zungusha beringi kwa kidole. Ikikwaruza, itoe. Namba imeandikwa ubavuni: 608, kwa mfano, ni tundu la milimita 8, kipenyo 22, unene 7. Mwenye duka akikupa yenye herufi ZZ, ile ina kifuniko cha bati. Kwa vumbi la tofali omba 2RS, yenye mpira. Beringi iliyolegea huachia amecha iguse koili za pembeni, na hapo unapoteza vyote viwili. Kwenye boksi la gia jaza grisi theluthi hadi nusu ya nafasi. Ukiijaza yote itapata moto na kuvujia kwenye mota. Oili ya pikipiki si mbadala.

Kilichokufikisha hapa ni tofali na chuma kwa grinda moja. Feni iliyo ndani ya grinda inavuta vumbi la chuma ndani, na vumbi hilo linapitisha umeme. Kila ukimaliza kazi ipulize kwa upepo kupitia matundu ikiwa inazunguka bila kazi, ukiwa umevaa miwani. Na usiikandamize. Mlio ukishuka ujue feni nayo imepungua kasi wakati ambapo mota inakula umeme mwingi zaidi.

Msumeno unakosa nguvu

*Habari za kazi. Msumeno wangu wa duara wa wati 1400 unapasua mbao laini tu, mninga unakwama. Natumia ekstensheni ya mita 40 kutoka nyumbani hadi kibandani. Ninunue mkubwa zaidi? – Msomaji, Urambo*

Hapana, nunua waya. Soma maandishi kwenye ganda la ekstensheni yako. Tunakisia utakuta 1.0 au hata 0.75. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.0, kwenda na kurudi mita 80, una ukinzani wa karibu omu 1.4. Msumeno wako unakula ampia 6, kwa hiyo volti 8 hadi 9 zinapotelea njiani. Hiyo ni ukiwa unakata kwa mzigo wa kawaida. Unapowaka, au meno yanapong'ang'ana ndani ya mninga, ampia hupanda mara kadhaa na upotevu nao unapanda vivyo hivyo. Kama jioni mtaani kwenu umeme unafika 200 badala ya 230, msumeno unabaki na chini ya 190.

Waya wa 2.5 kwa urefu huohuo utapunguza upotevu hadi volti tatu na nusu hivi. Hakikisha ni shaba kwa kukwangua ncha kwa kisu: nyeupe ndani ina maana ni alumini iliyopakwa shaba juu. Ekstensheni ya kuviringisha ikunjue yote hata kama unahitaji mita 5, kwani iliyoviringwa haina pa kutolea joto na ganda linaweza kuyeyuka.

Baada ya hapo angalia diski. Kwa kupasua kufuata urefu wa ubao tumia ya meno 18 hadi 24. Ya meno 60 ni ya kukata kukingama nyuzi, na ndani ya mninga itaunguza mbao na mota pamoja. Vaa barakoa: vumbi la mninga linawasha pua na kifua, na wengine huwaletea pumu.

Vibao vya mzinga havilingani

*Tunatengeneza mizinga ya nyuki ya masanduku. Vile vibao vya juu vinavyobeba masega tunapasua kwa msumeno wa umeme, kimoja kinatoka upana wa milimita 31, kingine 34. Nyuki wanaunganisha masega. Tufanyeje? – Kikundi cha wafugaji nyuki, Sikonge*

Kosa lenu ni kufuata mstari wa penseli kwa jicho. Kipimo cha upana wa kibao kwa nyuki wetu ni milimita 32, na hakina msamaha: kila kibao kikizidi milimita 1 tu, kwenye vibao 25 mmesogea milimita 25, masega yamehama kwenye vibao na nyuki wanajenga wanavyotaka wao.

Funga ubao mnyoofu kwa vibano uwe reli ya kuongozea msumeno, au tumieni ile gadi ya pembeni inayokuja na msumeno. Pimeni kutoka gadi hadi jino linaloelekea gadi. Mkipima hadi katikati ya diski mtakosea. Pimeni mbele ya diski na nyuma yake pia: zikitofautiana, diski haiko sambamba na gadi, mbao itabanwa nyuma na msumeno utaruka kuwarudia. Hakikisheni kwa guniya (kipimo cha pembe mraba) kwamba diski imesimama nyuzi 90.

Kisha hesabuni njia ya diski, yaani upana wa mbao inayoliwa na meno, kwa kawaida milimita 2 hadi 3. Kwenye ubao wa sentimita 20 na diski inayokula 2.5 mtapata vibao 5. Sita vingehitaji milimita 204.5, msijaribu kubana. Kateni cha kwanza, kipimeni kwa kalipa, rekebisheni, ndipo mwendelee. Mbao iwe kavu, maana ya mbichi itasinyaa baada ya kupimwa.

Drili ya betri ya "128V"

*Nimeona drili za betri za 48V, 88V hadi 128V kwa bei karibu sawa. Ipi ina nguvu? – Msomaji, Nzega*

Ndugu yetu, pima betri kwa multimita ikiwa imejaa chaji. Nyingi ya hizo zitakuonyesha volti 20 au 21, kwa sababu ndani mna seli 5 za lithiamu zilizounganishwa mfululizo, kila moja ikifika 4.2 ikijaa. Ni sawa na drili inayouzwa kwa jina la 18V, au 20V. Namba kubwa ni ya sanduku.

Kinachotofautisha ni ampia-saa (kiasi cha chaji ambacho betri inabeba) na idadi ya seli. Betri yenye seli 10 hukaa muda mrefu kuliko ya 5 na haichoki haraka unapobana skrubu ndefu, na utaijua kwa uzito ukiishika. Muulize muuzaji pia kama betri hiyohiyo inauzwa peke yake, maana betri hufa kabla ya drili. Usiiache juani wala ndani ya gari lililofungwa, na ukisafiri mwezi mzima iache na chaji nusu.

Diski kubwa kwenye grinda ndogo

*Naweza kutoa gadi, ile bati ya kinga, nikafunga diski ya inchi 9 kwenye grinda ndogo ili ifike ndani zaidi? – Msomaji, Kaliua*

Usifanye. Diski ya milimita 230 imetengenezwa isizidi mizunguko 6,650 kwa dakika. Grinda yako ndogo inazunguka kama 11,000. Ukingo wa diski utakwenda mita 132 kwa sekunde wakati imeandikwa 80, itapasuka, na gadi ambayo ingekukinga umeshaitoa. Diski za kukatia zina pia mwezi na mwaka kwenye ule mduara wa chuma wa katikati, ndio mwisho wa matumizi. Iliyopita tarehe itupe hata kama ni mpya.