Pesa ya mizani ya 1888, ninunue kwa picha tu?

SWALI: Salaam aleikum. Nimeona mtandaoni pesa ya Mombasa ya 1888, ile sarafu ya shaba yenye picha ya mizani. Muuzaji yuko Uingereza, anasema hali nzuri sana lakini haijapimwa daraja popote. Nitajuaje? (Msomaji, Kisauni)

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Hiyo "hali nzuri sana" isahau, tazama picha. Kutopimwa pekee si kosa, kwa pesa ya shaba gharama ya kupima yaweza kupita bei yake, lakini ingekuwa rupia ya fedha ya mwaka huohuo kwa bei kali hapo ningeshtuka, maana wauzaji wazoefu zile safi huzipeleka kwanza NGC au PCGS, kampuni zinazopima daraja la sarafu, yaani ubora wa hali yake, na zinazobaki mara nyingi zina walakini.

Ugonjwa mkubwa ni kusuguliwa. Shaba ya miaka mia na zaidi huwa kahawia, wekundu wa asili ukibaki hujificha pembeni mwa herufi, sasa ukiiona yang'aa yote kama sufuria iliyopigwa majivu, ishaoshwa hiyo! Mwambie apige picha akiiinamisha kwenye mwanga, mistari myembamba itajitokeza. Halafu vuta uone vile visahani vya mizani, sehemu zilizoinuka ndizo huisha kwanza. Na ukingo pia, mie nishauziwa moja ina tundu la kidani, kwenye picha kidole kilikuwa papo hapo juu yake, wallahi.

Picha moja tena ya ukungu, achana naye. Kabla ya kulipa muulize kama anarudisha hela, na posta ya kurudisha ni juu ya nani.