Umetoka kupasuliwa goti na akili yako iko Nyiragongo

Wadogo zangu mliorudi nyumbani na bekiye, yale magongo ya kutembelea, na kila siku mnaniuliza mtaanza lini tena kubeba mizigo ya watalii: mimi nilipita hapo. Nilikuwa nashuka Nyiragongo, volkano iliyo jirani na Goma, na kilo 15 mgongoni, mguu wa kulia ukanasa kati ya mawe, mwili ukageuka, goti likabaki. Nikasikia "ta!" kama kijiti kikavu. Kano ya ndani ya goti, ile inayozuia mfupa wa muundi usiteleze mbele, ilikatika. Wakanitengenezea nyingine kwa kano waliyoitoa nyuma ya paja langu mwenyewe.

Kosa la kwanza lilifanyika nyumbani, tena kwa upendo. Mama aliona naumia nikinyoosha mguu, akaweka mto chini ya goti. Nikalala raha siku 5. Mama kine, ndivyo tunavyomwita hapa Goma mtu wa kukufundisha kutembea upya, alipoingia chumbani hata salamu alisahau.

"Nani ameweka huu mto?"

"Ni mimi, mwanangu. Alikuwa anaumia sana."

"Mama, unataka achechemee mpaka uzeeni?"

Akautoa. Akakunja taulo, akaiweka chini ya kisigino, goti likabaki hewani likijishusha lenyewe kwa uzito wake. Dakika 10. Nilitoa machozi mbele ya wadogo zangu na sikuona haya. Goti lisiponyooka kabisa katika wiki za mwanzo, baadaye ni vita, na wengine hurudishwa kupasuliwa tena. Kukunja kuna haraka gani? Anza na kunyoosha.

Jambo lingine litakalokutisha: utauambia msuli wa mbele wa paja ukaze, nao utanyamaza kama si wako. Si uvivu. Maji yakijaa ndani ya goti, msuli unazimika. Ndiyo sababu wanakuambia barafu, mguu juu, na kukaza paja mara nyingi kwa siku hata kama huoni kitu kikisogea. Siku moja utaona pia ya goti inapanda kidogo. Mimi niliita nyumba nzima ije kuona.

Ya nyumbani nitayapita haraka. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, kwa hiyo seremala alitoboa kiti kimoja cha mbao na mambo yakaisha. Vipira vya chini ya bekiye vililiwa na mawe ya lava ya uwanja wetu kabla mwezi haujaisha. Fundi viatu akanikatia vingine kwenye tairi kuukuu. Kwenye ngazi, ukipanda tanguliza mguu mzima, ukishuka tanguliza bekiye pamoja na mguu uliopasuliwa. Na shavu la mguu, ile nyama ya nyuma ya muundi, likivimba na kuuma, au kidonda kikitoa usaha, au ukipata homa, usiniulize mimi wala jirani. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Sasa nije kwenye mwezi wa tatu, maana hapo ndipo tunapoharibikiwa. Maumivu yameisha, bekiye umempa mtu mwingine, vijana wanakuita. Kumbe kano iliyopandikizwa ilifika ndani ya goti bila damu yake. Mwili unaifumua na kuijenga upya, na katika miezi hiyo ya mwanzo inalegea kwanza ndipo ije kukaza. Wewe unajisikia mzima wakati yenyewe iko dhaifu. Mimi nilikwenda kupanda Mlima Goma, kilima tu, kiko hapohapo mjini kando ya ziwa. Kupanda nilipanda nikiimba. Kushuka, katikati ya njia, paja likaanza kutetemeka, goti likanikimbia mara 2. Usiku lilikuwa kama papai. Wiki 2 nilirudi kwenye barafu.

Mama kine hakunigombeza. Aliweka tofali moja mbele ya kioo, akaniambia nisimame juu yake kwa mguu uliopasuliwa, nishushe kisigino cha pili chini polepole bila kudondoka. Nikaliona goti kwenye kioo likiangukia ndani. "Hilo ndilo linaloshuka na wewe mlimani," akasema. Tangu siku hiyo mazoezi yangu yalikuwa ya kushuka. Bidoni la maji mkononi, kwanza lita 5, baadaye 10, ngazi za kanisa, polepole. Jioni kuogelea ziwani, lakini bila kupiga miguu kama chura. Teke hilo linalipinda goti.

Nilinunua utepe wa fundi cherehani. Kila asubuhi napima goti palepale, katikati ya pia. Likizidi la jana, jana nilizidisha, leo napumzika. Hesabu hiyo haina ubishi, hata vijana wakikuita mwoga.

Kwa kano kama yangu, usiongee habari ya mlima kabla ya miezi 9, na paja la mguu huo liwe limefikia angalau asilimia 90 ya nguvu za mwenzake. Aliyekatwa kipande tu cha gegedu, ule mto laini kati ya mifupa ya goti, anaweza kurudi mapema zaidi, aliyeshonwa hukawia. Usijipime kwa kalenda ya jirani.

Mimi nilirudi mwezi wa 11. Kutoka Kibati, njia inapoanzia chini ya mlima, mpaka kileleni, mita 3,470, nilibeba kilo 8, fimbo 2 mikononi. Asubuhi wakati wa kushuka niliacha wenzangu wote wanipite, na mpishi mwenye sufuria zake akanipita pia, akicheka. Nilipofika Kibati watalii walishaondoka zamani. Kesho yake nikazungusha utepe: sentimita 38, ileile ya kabla ya safari.