Maswali Yenu: Nyoka uani, bakshishi mezani

SWALI: Nimehamia Houston, Texas. Jioni nilimkuta nyoka wa rangi ya shaba kwenye majani makavu uani. Nimuue? Na mgahawani, lazima niache bakshishi?
Mama wa watoto wawili

JIBU: Usimuue, mama. Wengi huumwa wakijaribu kumpiga au kumshika. Mabaka ya kahawia yaliyobana mgongoni na kutanuka ubavuni ni dalili ya kopahedi, mwenye sumu. Akihisi mtu yupo karibu, yeye hakimbii, hutulia tuli, ndiyo maana hukanyagwa. Rudi nyuma mita 2, ingiza watoto ndani. Fagia majani, usiku vaa viatu na ushike tochi.

Akiuma, piga 911, namba ya dharura. Vua pete kabla mkono haujavimba, chora kwa kalamu ukingo wa uvimbe na uandike saa. Usifunge kamba, usichanje, usiweke barafu. Lile jiwe jeusi la nyoka tulilozoea nyumbani halinyonyi sumu. Litakupotezea muda tu.

Bakshishi: sheria hailazimishi, lakini ukihudumiwa mezani, toa asilimia 18 hadi 20. Texas inaruhusu mhudumu alipwe dola 2.13 kwa saa akitegemea bakshishi, kwa hiyo kutoacha kitu ni kumuumiza. Piga hesabu kabla ya kodi: chakula dola 40, kodi 3.30, bakshishi 8. Kwenye risiti andika 51.30. Soma risiti kwanza, kwani kwa meza ya watu wengi, mara nyingi bakshishi huwa imeshajumlishwa. Ukichukua chakula kaunta, si lazima.