Nati za riveti kwenye roboti: maswali yenu

Wiki hii wengi mmeuliza kuhusu nati za riveti: vile vibomba vifupi vyenye meno ndani na ukingo juu, vinavyotumbukizwa kwenye tundu na kuvutwa hadi vivimbe kwa nyuma.

*Mwalimu, shikamoo. Kwa nini nisikate meno kwenye bomba lenyewe la fremu ya roboti? (Mwanafunzi, Jinja)*

Marahaba. Ukuta wa bomba ukiwa mm 2, bolti ya M5 (yenye kipenyo cha mm 5), ambayo jino hadi jino ni mm 0.8, inapata meno mawili na nusu tu, tena ya alumini. Fungua na ufunge mota mara kadhaa kati ya mechi za mashindano ya roboti, yamelika. Na nati ya kawaida utaishikaje ndani ya bomba? Nati ya riveti inafungwa kutoka upande mmoja. Kampuni ya B.F. Goodrich ya Marekani iliibuni miaka ya 1930 kwa ajili ya mabawa ya ndege, yenye shida hiyohiyo.

*Zetu zinazunguka pamoja na bolti. Tumekosea wapi? (Kapteni wa timu, Mbarara)*

Kwenye tundu, dada. M4 kwa kawaida inataka tundu la mm 6, M5 mm 7, M6 mm 9, na nusu milimita ya ziada inatosha kukuharibia kazi. Mimi niliwahi kutoboa kwa keekee yenye biti iliyopinda. Tundu likawa na umbo la yai, na siku ya majaribio mota ikaning'inia kwa waya zake. Wanafunzi walinitazama, sikuwa na la kusema. Tangu hapo tunaanza na biti ndogo, tunapanua hatua kwa hatua, tunaondoa makali kwa tupa, kisha nati inaingia kwa kusukumwa na kidole gumba. Ikidondoka yenyewe, tundu limeshaharibika: panua, uweke saizi inayofuata. Nunueni zenye mistari ubavuni; laini huteleza upesi.

Iliyokwama na bolti ndani, kata kichwa cha bolti kwa msumeno, bana ukingo kwa koleo, utoboe taratibu.

*Fundi, mashine ya kuvuta nati hizi hatuna. (Mwalimu wa fizikia, Gulu)*

Tumia bolti ndefu ya chuma kigumu, nati ya kawaida na washa (kile kisahani chenye tundu). Vika nati kwanza, kisha washa, kisha ufunge nati ya riveti mwishoni. Tia tone la oili chini ya nati. Shika kichwa cha bolti kisizunguke kabisa, zungusha nati kwa spana ya pili. Utahisi uzito wa polepole, halafu ugumu wa ghafla. Simama hapo hapo, ukiongeza unang'oa meno. Mafundi wa Katwe, Kampala, watakuelewa ukiwaonyesha mara moja.

*Ekseli za magurudumu je? (Mzazi, Kampala)*

Hapana, mzee wangu. Hapo pitisha bolti nzima hadi upande wa pili, ufunge kwa nati yenye nailoni.