Kioo cha dereva kinakaribia kufika juu alafu kinarudi chini

SWALI: Shikamoo fundi. Naendesha Premio ya 2008, niko Tanga. Kioo cha upande wa dereva kinanisumbua toka mwezi uliopita, nikivuta swichi kinapanda vizuri mpaka kinabaki kama vidole viwili kufika juu, hapo kinasita, kinanguruma kidogo alafu kinarudi chini chenyewe. Gari ikiwa inaunguruma kuna siku kinafunga, ila nikishazima nikataka kufunga ndo hakifiki kabisa. Fundi wa kwanza kasema mota imekufa ninunue nyingine. Wa pili kasema tuchezee waya hapo kioo kisiwe kinarudi, kipande kwa nguvu tu. Napaki nje, mvua zinakuja, na nina watoto wawili nawapeleka shule kila asubuhi. Nimsikilize nani?
Mama wa wawili, Tanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwa sasa usimsikilize yeyote kati yao, na huyo wa pili naomba usimsikilize kabisa, nitakwambia kwanini.

Kioo cha dereva kwenye gari kama yako ni cha oto, unavuta swichi mara moja kinapanda chenyewe hadi juu. Kwa sababu kinapanda chenyewe wamekiwekea kinga ya kubana. Mle kwenye mota kuna sensa inafuatilia mzunguko, mota ikipungua spidi ghafla kabla kioo hakijafika juu inajua kuna kitu kimezuia, inaweza kuwa mkono wa mtoto au shingo, basi inageuza inarudisha kioo chini. Ndo unachokiona wewe. Kinga inafanya kazi yake, shida ni kwamba kuna kitu kinakikaba kioo pale juu na mota haiwezi kujua kama ni raba kavu au ni mkono wa mwanao. Sasa mtu akiiua hiyo kinga anakuachia kioo kinachopanda kwa nguvu zote mpaka mwisho, na wewe una watoto wanaopenda kuchungulia nje, hapana aisee. Kwenye hili sina mjadala na fundi yeyote.

Umenisaidia sana uliposema ikiunguruma kuna siku kinafunga. Injini ikiwa imewaka altaneta, ile inayochaji betri, inaleta kama volti 14, ikizimwa unabaki na za betri 12 na kidogo, kwahiyo mota inapata nguvu zaidi gari ikiwa inaunguruma. Kama hiyo nguvu kidogo ya ziada inatosha kukifikisha juu maana yake mota iko hai ila inabeba mzigo mkubwa kuliko kawaida. Na huo mzigo mara nyingi sana uko kwenye raba. Fyuzi achana nayo, ingekuwa imekata kioo kisingetikisika.

Shusha kioo chote chini uangalie fremu ya mlango, ile raba yenye mfereji ambamo kioo kinapita, mbele, juu na nyuma. Pitisha kidole mle ndani. Gari ikishakaa miaka barabarani kwetu huku utakuta mchanga mwembamba umeshikana na uchafu mweusi, na ule utando laini kama manyoya uliokuwa unafanya kioo kiteleze umeshalala au umekwisha. Angalia sana ile kona ya mbele karibu na saiti mira, hapo raba inapenda kuchomoka kidogo au kujikunja, kioo kikifika kinaigonga na kinagoma palepale kila siku. Na kama umeweka tinti angalia ukingo wake wa juu na wa pembeni, tinti iliyoanza kubanduka inajikunja inaingia kwenye raba na yenyewe inakaba.

Kusafisha unaweza mwenyewe nyumbani. Chukua kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, kizungushie rula ya plastiki, pitisha ndani ya mfereji wote, suuza kitambaa, rudia mpaka kiwe kinatoka kisafi. Futa na kingo za kioo chenyewe. Acha ikauke kabisa, alafu upige silikoni spirei ndani ya mfereji, nyembamba tu, na upandishe na kushusha kioo mara kadhaa ili isambae. Iwe silikoni tafadhali. Usipake grisi wala oili ya injini hata kama jirani anakwambia kwake ilifanya kazi, itateleza wiki mbili tatu alafu inakamata vumbi lote la barabarani na oili inaivimbisha raba, hapo utanunua raba mpya.

Wakati unajaribu usivute swichi mfululizo bila kupumzika. Mota zina kinga ya joto, ikichemka inajikata na kioo kinakuwa kimya kabisa, watu wengi hapo ndo wanaambiwa mota imeungua kumbe ukiiacha dakika kadhaa ipoe inarudi.

Baada ya hapo kikifunga vizuri lakini oto ikawa haishiki, inabidi ukifundishe upya wapi ni juu. Hii inatokea pia ukichomoa betri. Kwenye Toyota nyingi utaona taa ndogo ya swichi ya dereva inapepesa. Weka switi ya ufunguo oni, shusha kioo hadi nusu, vuta swichi mpaka mwisho na usiachie, kikishafika juu endelea kushikilia sekunde kadhaa ndo uachie. Taa ikiacha kupepesa ikawaka moja kwa moja, imekubali. Ikiendelea kupepesa rudia.

Ikiwa umesafisha vizuri na bado kinapanda kwa kujivuta, hapo ndo tunaongelea mota, na kwa watu wa pwani kama wewe chumvi ya hewani inakula vyuma ndani ya mlango mapema kwahiyo sikatai inaweza kuwa imechoka. Ila ukienda kununua used ya Japani nenda na mota yako mkononi. Ya kawaida ina waya mbili tu, hii ya kwako yenye sensa ina zaidi, na ya kulia na ya kushoto zimegeuzwa. Hakikisha plagi inafanana kabla hujatoa hela.

Na mvua ikikuwahi kabla hujapata muda, washa gari, mwenzio avute swichi, wewe simama nje ukibane kioo kwa viganja viwili, kimoja nje kimoja ndani, ukisaidie kupanda. Viganja viwe bapa kwenye kioo na chini, vidole visivuke ukingo wa juu hata kidogo. Watoto wasiwe karibu.

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi ni Corolla, mlango wa nyuma, kioo hakirudi chini ila kinapanda mshazari, upande mmoja unatangulia na kinakwama kikiwa kimeacha nafasi. Ndani kinakwaruza. Raba nimeshasafisha.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Nzuri kaka. Wewe raba sio kesi yako, kioo chako hakijashikwa sawa huko chini. Acha kukitumia kwanza, mana kinachoanza na kukwaruza huishia kioo kudondoka ndani ya mlango.

Inabidi kufungua paneli. Skrubu zinajificha nyuma ya mkono wa kufungulia na kwenye pa kushikia mlango, zingine zote ni klipu, zivute taratibu ukianzia chini. Ukitoa utaona nailoni imegandishwa na gundi nyeusi, ibandue bila kuichana. Kioo kinashikwa na bolti kwenye mikono ya regyuleta, ule mtambo unaopandisha na kushusha kioo, nyingi spana namba 10. Ukikuta moja imelegea una bahati. Bandika kioo kwa selotepu pana kwenye fremu kisianguke, legeza bolti zote, kipandishe kwa mkono mpaka kikae sawa ndani ya raba ya juu, ndo ukaze kikiwa hukohuko juu. Ukikaza kikiwa chini kitarudi mshazari.

Kama bolti ziko sawa angalia regyuleta. Ya mikono ya chuma utaona roli imechomoka au mkono umepinda, ya kebo utakuta waya umefumuka nyuzi nyuzi, hiyo haitengenezeki, badilisha nzima. Kabla hujaingiza mkono mle ndani chomoa plagi ya mota, ile mikono inakata vidole.

Nailoni irudishe ilivyokuwa na gundi yake ishike pote, maji ya mvua yanapita ndani ya mlango kila siku na hiyo nailoni ndo inayazuia yasiingie kwenye spika na kapeti.