Mzee ana presha? Anzeni na chungu

Mwenye mzee wa presha nyumbani, nakuomba uanze na chungu cha jikoni kabla ya kwenda kununua vidonge vya nyongeza duka la dawa. Ndivyo tunavyofanya kwa mama yetu hapa Wete.

Jamaa wakija kutoka Maskati humletea chupa za vidonge vya mafuta ya samaki. Wanaleta kwa mapenzi, Mungu awalipe. Lakini utafiti wa Marekani uitwao VITAL, ambao matokeo yake yalitoka 2018, uliwafuatilia watu zaidi ya 25,000 kwa miaka 5 hivi. Gramu 1 kwa siku ya omega-3, yaani mafuta yaliyomo kwenye vidonge hivyo, haikupunguza kwa kiwango cha kuthibitika jumla ya mishtuko ya moyo, viharusi na vifo vya maradhi hayo. Vitamini D vilevile. Kwa mzee wetu, bora pesa hizo ziende kwenye vibua na mboga za majani.

Kazi kubwa ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo ya mkate, ya mchuzi, ya achari na ya urojo. Sasa fikiria papa mkavu! Mama hampendi samaki mwengine kama papa, na hatukumkataza. Tunamkata vipande vidogo na kumroweka usiku kucha. Asubuhi maji yana ukungu na harufu kali; tunayamwaga, tunamchemsha kwa maji mapya, tunamwaga tena, ndipo anaingia mchuzini. Mchuzi wenyewe hautiwi chumvi hata chembe. Tunautia ndimu, embe mbichi, thomu na pilipili. Mwanzo alikuwa akiiulizia chumvi, siku hizi haulizi.

Tui zito tumelipunguza, maana mafuta ya nazi hupandisha kolesteroli mbaya. Tui jepesi kwenye kisamvu linatosha.

Dawa alizoandikiwa na daktari hatuziachishi, anaendelea kuzimeza. Presha ikishuka watu huacha kumeza, kumbe imeshuka kwa sababu ya dawa hizo hizo. Na mkienda kliniki, bebeni chupa zote mlizoletewa daktari azione, hasa kama mzee anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Chumvi mbadala yenye potasiamu nayo muulizieni kwanza, kwani mwenye figo dhaifu inaweza kumdhuru.