Maswali ya Wasomaji: Tovuti ipo, wageni hawaioni

SWALI: Nina nyumba ya wageni ya vyumba sita hapa Dunda, Bagamoyo. Tovuti yangu ina miezi minne, lakini Google haiionyeshi hata nikiandika jina kamili. Niliowatumia anwani wanalalamika inachelewa kufunguka kwenye simu. Fundi anasema nilipie matangazo. Nilipe?

JIBU: Usilipe kwanza. Tangazo litawapeleka watu kwenye ukurasa usiofunguka, na hela yako itakwenda bure.

Kwenye kisanduku cha kutafutia cha Google andika "site:" kisha, bila kuacha nafasi, anwani ya tovuti yako. Usipoona ukurasa hata mmoja, huenda mlango umefungwa kwa ndani. Kama imejengwa kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, fungua mipangilio, sehemu ya kusoma. Kuna kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Mafundi hukitia tiki wakati wa ujenzi, kazi ikiisha wanakisahau. Ondoa tiki, hifadhi, kisha sajili tovuti kwenye Google Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, ni bure, na uwasilishe ramani ya tovuti, yaani faili lenye orodha ya kurasa zako. Kwa WordPress, kwa kawaida ni anwani yako ikifuatiwa na /wp-sitemap.xml. Majibu huchukua siku kadhaa, pengine wiki.

Kuchelewa mara nyingi ni picha. Picha ya simu huweza kuwa na upana wa pikseli 4,000 na uzito wa MB 4. Fundi akiweka 12 kama zilivyotoka kwenye kamera, mgeni mwenye bando dogo anapakua MB 48 ili aone kitanda na chandarua. Kuionyesha picha kwa udogo hakusaidii, kwa sababu simu hupakua faili zima ndipo ilibane. Zipunguze kabla ya kuzipandisha: upana pikseli 1,200, muundo wa WebP (aina ya faili la picha lisilo zito), ubora 75 hadi 80 kati ya 100. Nyingi zitashuka chini ya KB 200, na kwenye kioo cha simu hutaona tofauti.

Kichwa cha ukurasa, kile kinachoonekana kwenye matokeo ya Google, kisiwe "Mwanzo" wala "Karibu". Hakuna anayetafuta hayo. Andika "Nyumba ya wageni karibu na Mji Mkongwe, Bagamoyo" na jina lako, yote yakae ndani ya herufi 60 hivi. Bei na namba ya simu ziwe maandishi, zisichorwe ndani ya bango, maana namba iliyo ndani ya picha haibofyeki. Kiungo cha WhatsApp huanza wa.me/255 (255 ni msimbo wa Tanzania), kisha namba yako, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mwanzo wa namba. Sifuri hiyo ikibaki, hakifanyi kazi.

Tengeneza pia ukurasa wa njia: basi kutoka Dar linashusha wapi, bajaji hadi kwako ni shilingi ngapi, magofu ya Kaole yako umbali gani. Hayo ndiyo wageni wanayouliza. Halafu sajili biashara kwenye ramani ya Google, nayo ni bure, na uhakikishe alama imekaa juu ya paa lako, si mtaa wa pili.

SWALI: Nauza vinyago. Nimeshauriwa nirudie "vinyago Bagamoyo" mara nyingi chini ya ukurasa, kwa maandishi meupe juu ya weupe. Inasaidia?

JIBU: Hapana. Google huhesabu maandishi yaliyofichwa kuwa udanganyifu, na tovuti inaweza kushushwa au kuondolewa kabisa. Chini ya kila kinyago andika aina ya mti, urefu kwa sentimita, bei, na kama unakisafirisha. Anayetafuta kinyago cha mpingo cha sentimita 40 atakuwa na neno la kumfikisha kwako.